Ruzuku Ndogo ya Ubalozi si Sadaka

Jioni moja katibu wa kikundi cha vijana cha usuluhishi alinijia nyumbani akiwa na bahasha ya kaki iliyojaa karatasi. Kikundi chake hufanya kazi katika vijiji ambamo wakulima na wafugaji wamekuwa wakigombea maji na malisho kwa miaka mingi. Kazi yenyewe ni ya miguu: kwenda boma kwa boma, shamba kwa shamba, na kuwakalisha watu chini ya mti kabla mtu hajashika panga. Msomaji mwenye umri wa kutosha atakumbuka yaliyotokea Rudewa-Mbuyuni, wilayani Kilosa, mwezi Desemba mwaka 2000, ambapo watu zaidi ya 30 waliuawa katika ugomvi wa namna hiyo. Vijana hawa hawafanyi mchezo.

Karatasi zile zilikuwa tangazo la ruzuku ndogo za ubalozi wa Marekani, kurasa nyingi, zote kwa Kiingereza. Tulizisoma pamoja mpaka saa nne usiku. Tulipofika mahali panaposema kwamba kila mradi sharti uwe na sehemu ya utamaduni wa Kimarekani, au uhusiano na mtaalamu, shirika au taasisi ya Marekani, ili kukuza uelewa wa sera na mitazamo ya nchi hiyo, katibu aliweka kalamu chini. "Mwalimu," akaniuliza, "hapa tuweke nini?"

Sikuwa na jibu usiku ule. Lakini swali lake halikuniacha. Najua viko vikundi vingi katika jumuiya zetu vilivyokaa mbele ya karatasi kama zile vikijiuliza jambo lile lile, na wengine wamekwisha kujijibu kwa namna isiyowapa heshima. Kwa hiyo nimeona afadhali niseme wazi ninavyofikiri, hata kama wengine hawatakubaliana nami.

Fedha hizi zimetoka wapi

Kosa letu la kwanza ni kuiita ruzuku hii msaada, kana kwamba ni ndugu wa ule unga wa njano tuliopewa wakati wa njaa. Sivyo. Serikali tajiri huweka fedha zake za nje katika mafungu mbalimbali. Liko fungu la maendeleo, ambalo huchimba visima na kununua dawa. Liko pia fungu la kile kiitwacho diplomasia ya umma, yaani juhudi za serikali moja kuzungumza na wananchi wa nchi nyingine moja kwa moja, badala ya kuzungumza na serikali yao peke yake. Jina hilo, kwa maana yake ya leo, huhusishwa na Edmund Gullion, mwanadiplomasia wa Marekani aliyelitumia mwaka 1965 alipokuwa mkuu wa Chuo cha Fletcher. Kazi yenyewe ni ya zamani kuliko jina. Sheria iitwayo Smith-Mundt ya mwaka 1948 iliipa serikali ya Marekani mamlaka ya kueneza habari zake nje na kubadilishana watu na mataifa mengine. Sheria ya Fulbright-Hays ya mwaka 1961 ikapanua mabadilishano ya elimu na utamaduni. Tangu mwaka 1953 hadi mwaka 1999 shughuli hiyo ilikuwa na idara yake, ile ambayo wakazi wa miji yetu waliijua kwa herufi USIS na kwa maktaba zake tulivu, ambamo wengi wetu tulijifunza kusoma magazeti ya kigeni bila kulipa senti moja. Idara ilipovunjwa mwaka 1999, kazi zake ziliingizwa katika Wizara ya Mambo ya Nje, na hadi leo ruzuku ndogo za balozi hizo aghalabu hutolewa kwa nguvu ya sheria hizo mbili.

Wamarekani si peke yao. Waingereza wana British Council tangu mwaka 1934, na Wajerumani wana Goethe-Institut tangu mwaka 1951. Kila taifa lenye uwezo hupenda kupendwa, na huweka fedha kando kwa ajili hiyo.

Wala hakuna hila katika jambo hili. Tangazo alilokuja nalo katibu lilieleza bila kuficha kwamba fedha hizo hazitolewi kwa ujenzi, kwa shughuli za hisani na maendeleo, kwa ibada au mahubiri, kwa siasa za vyama, kwa kushawishi upitishwaji wa sheria fulani, kwa utafiti wa kisayansi, wala kwa mradi ambao lengo lake kubwa ni kulikuza shirika lenyewe. Anayekwenda hapo kuomba mabati ya zahanati, kisha akanuna kwa kunyimwa, ni kama mtu aliyekwenda kwa mshonaji kuomba mkate. Kama ni darasa au kisima, afadhali abishe hodi kwa Wajapani, ambao tangu mwaka 1989 wana ruzuku ya miradi ya mashinani iliyokusudiwa mambo ya namna hiyo. Na shirika la dini, tusidanganyane, haliambiwi likae nje: linaruhusiwa kuomba sawa na mengine, mradi fedha zisitumike kwa ibada na mahubiri.

Kwa hiyo ruzuku hii ni mapatano. Mtoaji ananunua kitu, nacho ni kujulikana na kueleweka. Anayeomba anauza sehemu ya nafasi aliyo nayo mbele ya watu wake. Mapatano yanaweza kuwa halali na yenye faida pande zote mbili, lakini tusiyaite sadaka, maana sadaka haina bendera.

Sisemi tuikatae

Wapo wenzetu wanaodai kwamba kila shilingi itokayo ubalozini ni ya ujasusi. Siungani nao. Maneno hayo mara nyingi husemwa na wakubwa ambao wao wenyewe hula meza moja na mabalozi, na husemwa hasa pale kikundi cha wanyonge kinapoanza kuuliza maswali. Fedha ndogo ina fadhila zake. Viwango hutofautiana kati ya ubalozi na ubalozi, kuanzia dola mia kadhaa hadi makumi ya maelfu, na fedha ya kiasi hicho haiwezi kumjengea mtu nyumba ya ghorofa. Kikundi huomba kwa wazo lake chenyewe, hakisubiri mradi uliokwisha kuchorwa na wataalamu ng'ambo. Vijana hujifunza kutunza hesabu, kuandika muhtasari na kudai risiti, mambo ambayo hakuna ajutiaye kuyajua. Na kuna kazi njema zilizofanyika kwa fedha za fungu hili pana. Mfuko wa Mabalozi wa Kuhifadhi Utamaduni, ulioanzishwa na Bunge la Marekani mwaka 2001, ulichangia ukarabati wa magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu hayo yaliingizwa mwaka 2004 katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini, yakatolewa humo mwaka 2014. Yeyote aliyesimama ndani ya msikiti mkubwa wa Kilwa hawezi kusema kwamba kazi ile ilikuwa ya bure.

Lakini mlango ni mwembamba, na hapa nina malalamiko ya haki kabisa.

Ombi sharti liandikwe kwa Kiingereza, na bajeti ionyeshwe kwa dola za Marekani. Fikirini maana yake. Ubalozi unasema unataka kuzungumza na wananchi wa kawaida, kisha unawataka wananchi hao wajieleze kwa lugha ambayo mwenyekiti wa kikundi cha akina mama wafinyanzi haijui. Atafanya nini? Atamtafuta mwandishi wa maandiko ya miradi mjini, ambaye atamtoza kabla ya senti moja kuonekana, na ambaye ataandika mambo yanayopendeza masikio ya msomaji kuliko yale ambayo akina mama walikusudia. Ndivyo andiko la vyungu linavyogeuka kuwa andiko la uwezeshaji wa ubunifu wa vijana katika uchumi wa kidijitali. Nimeyaona kwa macho yangu.

Kisha kuna usajili. Shirika linaloomba hutakiwa kuwamo katika daftari la mtandaoni la serikali ya Marekani liitwalo SAM, na kupewa namba ya utambulisho, ile iliyochukua nafasi ya namba ya DUNS mwezi Aprili mwaka 2022. Usajili huhuishwa kila mwaka, na jina la shirika na anwani yake sharti vilingane na hati zake. Kwetu, ambako anwani ya kikundi ni sanduku la posta la shule jirani, mtu aweza kuhangaika miezi. Kwa miaka mingi shirika la nje ya Marekani lilitakiwa hata kupata kwanza namba itolewayo katika mfumo wa NATO, uliobuniwa kwa ajili ya kuorodhesha wauzaji wa vifaa vya majeshi. Nakumbuka jinsi tulivyocheka siku ile: wasuluhishi wa ugomvi wa malisho wanaomba namba katika daftari la wauza mizinga! Usajili ule ni wa bure, na natamani kila katibu alijue hilo, kwa sababu wapo matapeli wanaotuma barua zenye sura ya kiserikali wakidai ada.

Mwenye ofisi, umeme na mwandishi wa kulipwa huupita mlango huu bila kuinama. Kumbuka pia kwamba mashirika yenye makao Marekani kwenyewe, yanayofanya kazi huku kwetu, mara nyingi huruhusiwa kuomba ruzuku zile zile. Sina chuki nayo. Baadhi yamekaa nasi miaka mingi na kuzika wafu pamoja nasi. Hata hivyo, kuyashindanisha na kikundi cha kijiji kwa fomu ya Kiingereza si mashindano. Hata kanuni za gharama zinawapendelea wakubwa. Kanuni za Marekani humruhusu mpokeaji asiye na kiwango alichokwisha kupatana na serikali hiyo kudai asilimia fulani ya gharama za uendeshaji. Zamani ilikuwa asilimia 10, na tangu Oktoba 2024 ni hadi asilimia 15. Shirika kubwa hujua na hudai. Kikundi kidogo hakijui, na huandika sifuri kwa kuogopa kuonekana kina tamaa, kisha kinamlipa mlinzi kwa michango ya wanachama huku mradi wa ubalozi ukiendelea ndani ya nyumba inayolindwa na michango hiyo.

Bendera kwenye bango

Hapa inanipasa nikiri kosa langu mwenyewe.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa mweka hazina wa kikundi kingine kilichopata ruzuku ya ubalozi fulani, ambao sina haja ya kuutaja, kwani kosa halikuwa lao. Tulikuwa tukiendesha mikutano ya maridhiano katika kata mbili. Tulipopata barua ya kukubaliwa tulifurahi mno, tukapika pilau, tukawaambia wanachama kwamba "wafadhili wametukumbuka". Hatukusema ni nani, ni kiasi gani, wala kwa masharti gani. Tuliona kwamba mambo hayo ni ya kamati. Mkataba ulitaka bendera ya nchi ile ionekane kwenye bango, kwa ukubwa usiopungua nembo ya kikundi chetu, nasi tukatii. Siku ya mkutano wa tatu, mzee mmoja wa wafugaji alitembea taratibu hadi kwenye bango, akaligusa kwa fimbo yake, akauliza: "Hawa nao wana ng'ombe hapa?" Watu wakacheka. Yeye hakucheka. Akaendelea kuuliza kama tunalipwa kwa kila mkutano, na kama tunalipwa, je, ugomvi ukiisha tutakula nini?

Hakuna aliyeweza kumjibu vizuri, kwa sababu hatukuwahi kusema ukweli tangu mwanzo. Posho zetu zilikuwa ndogo mno, nauli na chakula cha mchana tu, lakini nani angetuamini baada ya kuzificha? Mikutano miwili iliyofuata watu wa upande wake hawakuja. Wasuluhishi hawana silaha wala cheo; mtaji wao wote ni kuaminiwa, na mtaji huo tuliupoteza kwa sababu ya ukimya wetu wenyewe kuliko kwa sababu ya bendera ile. Ilituchukua zaidi ya mwaka kurudi pale, na tulirudi bila bango.

Serikali nazo zimetunga kanuni zao za uwazi. Nchini Tanzania, kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yasiyo ya kiserikali yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 yatangaze fedha hizo hadharani, na mikataba ya ufadhili iwasilishwe Hazina na kwa Msajili. Wengi wetu tulilalamika, na tulikuwa na sababu, kwa maana kanuni ya uwazi mikononi mwa mkubwa huweza kuwa rungu. Lakini tulilalamika tukiwa hatujawaambia hata wanachama wetu wenyewe kile tulichokuwa tunakataa kumwambia Msajili. Kumwambia mwanachama si suala la kanuni. Jina la mtoaji, kiasi, muda na masharti viandikwe kwa Kiswahili katika karatasi moja, visomwe katika mkutano mkuu kabla mkataba haujatiwa saini, na wanachama wapige kura. Wakikataa, barua irudi ubalozini kwa shukrani. Na karatasi hiyo ibandikwe ukutani mwaka mzima, pamoja na risiti, ambazo kwa vyovyote vile mkataba unataka zitunzwe miaka mitatu.

Upepo wa mwaka 2025

Tarehe 20 Januari 2025 Rais wa Marekani alitia saini agizo la kusimamisha misaada ya maendeleo ya nchi za nje kwa siku 90 ili ichunguzwe upya. Siku chache baadaye amri za kusimamisha kazi zilifika katika miradi kila pembe ya dunia, na kufikia tarehe 1 Julai 2025 shirika la USAID lilikuwa limekoma kutoa misaada, na kilichobaki kimehamishiwa Wizara ya Mambo ya Nje. Katikati ya Machi mwaka huo karibu wafanyakazi wote wa Sauti ya Amerika walipewa likizo ya lazima, na idhaa yake ya Kiswahili, iliyosikika tangu miaka ya 1960, ikanyamaza. Diplomasia ya umma, kama nilivyosema, hutoka katika fungu jingine. Lakini mama aliyeahidiwa semina ikasitishwa hasomi vitabu vya bajeti ya Washington. Yeye aliona tu kwamba waliomwahidi hawakuja.

Tulishangaa, na kushangaa kwetu kulionyesha kwamba hatukuwa tumesoma tulichotia saini. Kanuni zinazotawala ruzuku za serikali ya Marekani zinaruhusu ruzuku kukatishwa endapo haitimizi tena malengo ya programu au vipaumbele vya mtoaji. Vipaumbele hubadilika kwa uchaguzi, na uchaguzi huo sisi hatupigi kura. Kwa hiyo kikundi ambacho kodi ya chumba chake, simu ya katibu wake na nauli ya wasuluhishi wake vyote vinategemea barua ya ubalozi, kimeiweka amani ya vijiji vyake katika sanduku la kura la watu wengine. Kazi ya msingi ijengwe juu ya michango yetu, hata kama ni gunia la mahindi kwa mwaka na mbuzi mmoja kwa boma. Ruzuku iongeze juu yake kitu chenye mwanzo na mwisho.

Nao walioko balozini, kama kijitabu hiki kitawafikia, nawaomba jambo moja tu, maana nikiomba mengi hayatasomwa. Pokeeni ukurasa mmoja wa Kiswahili kama hatua ya kwanza. Mnao watumishi wazalendo wanaokijua Kiswahili kuliko mimi. Atakayevuka hatua hiyo ndiye aambiwe atafute Kiingereza na dola. Mtapata maombi mengi ya ovyo, bila shaka, lakini mtapata pia vyungu vikiitwa vyungu.

Tulichoandika

Katibu alirudi baada ya wiki mbili. Katika muda huo alikuwa amewasomea wanachama wote tangazo lile, akilifasiri mstari kwa mstari, na walibishana siku nzima. Baadhi walitaka kuweka klabu ya Kiingereza, kwa kuwa walisikia klabu za Kiingereza hupita kwa urahisi. Msichana mmoja alisema kwamba wakifundisha Kiingereza, nani atakwenda mabomani?

Nami nilikuwa nimetafuta kidogo, na nikapata jambo nisilolijua kabla. Katika miaka ya 1980 wakulima wa Marekani walizama katika madeni, mashamba yakauzwa kwa mnada, na baadhi yao walijiua. Mwaka 1986 majimbo ya Iowa na Minnesota yalitunga sheria za kuwakutanisha mkulima na mkopeshaji wake mbele ya msuluhishi kabla shamba halijachukuliwa. Mwaka 1987 Bunge la nchi nzima likaweka utaratibu wa kuyasaidia majimbo kuendesha usuluhishi wa namna hiyo. Kumbe nao wana watu ambao kazi yao ni kuingia katika nyumba ya mkulima mwenye hasira, kuketi na kusikiliza!

Nilipomweleza katibu, alikaa kimya, kisha akasema kwamba mtu kama huyo angependa kumwuliza maswali yake mwenyewe: huanzaje kuzungumza na mtu aliyekwisha kuapa kwamba hatazungumza? Hapo nikajua kwamba tumepata cha kuweka. Tuliandika kwamba wasuluhishi sita, watatu wa upande wa wakulima na watatu wa upande wa wafugaji, wazungumze kwa njia ya mtandao, mara nne, na msuluhishi wa mambo ya mashamba kutoka Marekani, wapeane uzoefu pande zote, na mazungumzo hayo yapelekwe vijijini kwa Kiswahili. Bendera tuliikubali, ila tuliandika kwamba katika mikutano ya vijijini mtoaji atatajwa kwa mdomo mwanzoni mwa kila mkutano, pamoja na kiasi cha fedha, kabla bango halijatundikwa.

Wanachama walipolisikia andiko hilo, mzee mmoja aliuliza ni nani atakayekaa katikati akifasiri, maana huyo Mmarekani hatajua Kiswahili wala wao hawatajua Kiingereza. Tuliangalia bajeti. Mkalimani hakuwamo. Tukapunguza kapu la vinywaji, tukamwandika.